Maiki ya wayalesi mchana inafanya kazi, shughuli ikianza inakata. Mafundi mitambo nisaidieni kabla ya Jumamosi

#1 mwana_uyole (Jumapili usiku)

Wakuu habari za jioni. Mimi na mdogo wangu tunakodisha vyombo hapa Uyole, Mbeya. Tuna spika mbili za inchi 15, besi moja, amplifaya, miksa ya chaneli 8, na tangu mwezi wa pili tumeongeza maiki za wayalesi, seti ya maiki mbili za kushika mkononi na risiva yake moja, kile kiboksi kinachopokea sauti ya maiki na kuipeleka kwenye miksa. Kazi zetu ni sendofu, kipaimara, misiba na mikutano ya mtaa.

Jana tulikuwa na sendofu ukumbi mmoja maeneo ya Iyunga. Saa nne asubuhi nimeshafunga vyombo, nimejaribu maiki zote mbili, nimetembea nazo hadi getini, sauti safi kama redio. Saa moja usiku wageni wameshakaa, ile ya kwanza ikaanza vituko. Neno linatoka, linalofuata halitoki, halafu inapiga "pwaa" spika zinataka kupasuka, halafu kimya. Baba mzazi kasimama kutoa nasaha, kafika "mwanangu, leo nakukabidhi kwa..." maiki ikafa. Karudia, ikafa palepale. Bibi mmoja meza ya mbele akasema kwa sauti kwamba jina la mkwe limegoma kutamkwa. Ukumbi wote kicheko, mzee kanuna, mimi nakimbia na maiki ya waya ambayo waya wenyewe ni mita tano, haukumfikia.

Kamati imenikata Sh 50,000. Mbaya zaidi Jumamosi hii nina harusi Mafinga na MC ni yuleyule wa jana, ameshanipigia simu ya onyo. Betri nimebadilisha mara mbili usiku uleule. Nisaidieni jamani.

#2 Mpenda Supu

Betri hizo mkuu. Uzi ufungwe.

#3 mwana_uyole

Nimeandika nimebadilisha mara mbili. Soma kwanza basi.

#4 Mkinga Halisi

Dogo, ulinunua ya bei gani? Maana watu mnachukua maiki mbili kwa bei ya jogoo halafu mnataka zifanye kazi ya mjini. Mimi niko Mwanjelwa, njoo kesho nikuonyeshe kitu cha maana. Ya zamani nitakupunguzia bei humohumo.

#5 Fundi wa Kihesa

Kamwene wote. Kijana, kabla hujampelekea Mkinga hela zako, nijibu mambo manne.

Risiva ulikuwa umeiweka wapi? Antena zake zilikaaje? Fungua sehemu ya betri kwenye maiki zote mbili, kuna namba za MHz zimeandikwa, ndiyo masafa ya kila maiki, zilete hapa kama zilivyo. La nne ndilo kubwa: sauti ilipokata, taa ya RF kwenye risiva ilizimika au iliendelea kuwaka?

Nakueleza kwa nini nauliza taa. RF ni mawimbi yanayofika kutoka kwenye maiki. AF ni sauti yenyewe. Sauti ikikata na RF ikazimika pamoja nayo, maana yake mawimbi hayafiki, kitu kimeyazuia njiani. Sauti ikikata huku RF inawaka yote, mawimbi yanafika vizuri tu, kwa hiyo angalia waya wa kwenda miksa, angalia swichi ya maiki, au ujue kuna mgeni anaongea kwenye masafa yako. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake hazifanani. Ukiona fundi anatikisa maiki na kuipiga kofi bila kuangalia taa, huyo anabahatisha.

#6 mwana_uyole

Shikamoo mzee. Risiva ilikuwa juu ya amplifaya, na amplifaya iko chini sakafuni nyuma ya spika ya kushoto. Antena nililaza zote, moja iliwahi kuvunjikia kwenye gari. Maiki A imeandikwa 614.00, B 615.00. Haina sehemu ya kubadilisha, imetoka hivyo kiwandani. Taa sikuangalia mzee wangu, nilikuwa natokwa jasho na baridi yote hii ya Mbeya.

#7 Fundi wa Kihesa

Marahaba. Basi nusu ya kesi iko hapo sakafuni.

Mawimbi ya 614 MHz urefu wake ni kama sentimita 49. Yanapita hewani vizuri, yanapita pazia, yanapita mbao, lakini chuma kinayarudisha na mwili wa binadamu unayanywa, maana sisi sehemu kubwa ni maji. Saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa na viti tu. Saa moja usiku una watu mia mbili au tatu kati ya mzee na risiva yako, na risiva imejificha chini ya magoti yao, nyuma ya spika, juu ya sanduku la chuma. Hapo ungefika getini?

Risiva ipandishe juu kuliko vichwa vya watu waliosimama. Mimi nina stendi ya zamani ya maiki, nimeifungia kibao juu, risiva inakaa hapo futi saba, inatazamana na jukwaa macho kwa macho. Usiiweke juu ya amplifaya, usiiweke jirani na kompyuta ya DJ wala skrini ya LED. Zile skrini zinatoa takataka nyingi za mawimbi. Kama meza ya miksa iko mbali na jukwaa, iache risiva karibu na jukwaa kisha vuta waya wa sauti. Waya wa XLR, ule wa pini tatu, wa mita 20 haulalamiki. Waya wa jeki ya kawaida usiuvute hivyo, utakuletea mvumo.

Antena zisimamishe, zifungue kama herufi V. Halafu jambo ambalo wauzaji hawasemi: kwenye seti nyingi za bei nafuu zenye maiki mbili, zile antena mbili hazisaidiani. Moja ni ya maiki A, nyingine ni ya B, basi. Kwenye risiva za gharama, maiki moja inasikilizwa na antena zote mbili na risiva inachagua yenye nguvu kila saa. Ndiyo maana yako ukipiga hatua moja pembeni sauti inapotea, ukirudi hatua moja inarudi. Wimbi limegonga ukuta au bati, limerudi, limekutana na lenzake likalifuta. Ukilaza antena ya A umeshaichinja A mwenyewe.

Na waambie wanaoshika maiki wasikumbatie mkia. Antena ya maiki iko kule chini.

#8 Mkinga Halisi

Mzee umenikatia riziki mchana kweupe. Lakini umesema kweli kuhusu antena.

#9 Mama Alto

Samahanini kuchomekea. Mimi ni mwalimu wa kwaya, Tukuyu. Yetu haikati, inapiga mluzi. Akiimba binti wa sauti ya kwanza, kimya. Akishika kaka mmoja wa sauti ya tatu, lazima ilie, na fundi anashusha sauti hadi hatusikiki. Ni maiki ileile, spika zilezile. Kaka amekwazika, anasema tunamwonea.

#10 Fundi wa Kihesa

Dada, huyo kaka anashikaje? Nina hakika anakumbatia kile kichwa cha wavu, kama wale wa bongofleva.

#11 Mama Alto

Eeh! Vidole vyote vimezunguka kichwa, na mkono wa pili juu.

#12 Fundi wa Kihesa

Basi kaonewa na mkono wake mwenyewe. Maiki ya namna hiyo imetengenezwa isikie mbele na isisikie nyuma, na inaweza kufanya hivyo kwa sababu ndani ya ule wavu kuna matundu ya nyuma yanayopokea sauti. Ukiyaziba kwa kiganja, maiki inageuka kusikia pande zote, pamoja na spika. Inachukua sauti ya spika, inairudisha kwenye spika, mzunguko unaanza, ndio huo mluzi. Ashike katikati ya mpini, mdomo uwe vidole viwili au vitatu kutoka kwenye wavu, na asisimame mbele ya spika. Akisogea karibu sana besi inaongezeka, sauti ya tatu wanaipenda hiyo, lakini maneno yanakuwa mazito hayaeleweki.

Na wavu ufungueni mara mojamoja, unazungushwa kama kifuniko. Ndani kuna sponji. Oshea sabuni laini, kausha kabisa ndiyo urudishe. Kwaya ya watu ishirini kwa miaka mitatu, we fikiria mwenyewe kilichomo.

#13 Mama Alto

Nimeufungua sasa hivi. Sitaki kuongea. Ndaga fijo, mzee. Na mvua je? Hapa kwetu ikinyesha kwenye bati hakuna anayesikia hata mahubiri.

#14 Fundi wa Kihesa

Kwa mvua ya Tukuyu dada yangu, imbeni tu.

#15 Redio Mbao (Jumatatu usiku)

Nimesoma uzi wote. Fundi yuko sawa kuhusu sakafu, lakini kuna kitu hakijakaa. Mleta mada anasema inapiga "pwaa" kwa nguvu. Mawimbi yakizuiwa tu, kwa kawaida maiki inafifia, inachanika, inakuwa kimya. Kishindo cha namna hiyo mimi kinaninukia mgeni kwenye masafa yako. Swali: MC alikuja na maiki yake mwenyewe?

#16 mwana_uyole

Ndiyo, ana ya kwake ya bei mbaya, risiva ina skrini. Alifika saa kumi na mbili na nusu jioni, tukaichomeka kwenye chaneli ya 5. Inahusiana?

#17 Redio Mbao

Mpigie simu sasa hivi, muulize skrini inasoma MHz ngapi.

#18 mwana_uyole

Kaniuliza saa hizi nataka za nini. Amesema 616.000.

#19 Redio Mbao

Nilijua tu. Chukua kalamu.

Maiki zako ni 614 na 615, ya MC 616. Maiki mbili zikiwa hewani kwa pamoja na zikawa karibukaribu, ndani ya saketi zao na ndani ya risiva zinazaa mawimbi mengine ambayo hakuna aliyeyaagiza. Yanayosumbua zaidi unayapata hivi: zidisha moja mara mbili, kisha toa nyingine. 615 mara mbili ni 1230. Toa 616. Unabaki na 614. Hiyo ni maiki A, ile iliyomfia mzee.

Geuza upande wa pili: 615 mara mbili toa 614, unapata 616, umemgonga MC. Jumlisha 614 na 616, toa 615, unapata 615, umegonga B. Zimepangwa kama ngazi yenye vipandio sawa, kila moja inakanyagwa na wenzake. Mchana MC hajafika, zako mbili watoto wao wanaangukia 613 na 616 ambako hakuna mtu. Ndiyo maana mchana safi, usiku vita.

Sasa nijibu: mzee anaongea, maiki B na ya MC zilikuwa wapi?

#20 mwana_uyole

Mungu wangu. Zilikuwa zimelazwa pamoja mezani, mbele ya mzee. MC alikuwa ameweka ile swichi ya kunyamazisha.

#21 Redio Mbao

Swichi ya kunyamazisha inakata sauti, mawimbi yanaendelea kutoka. Kwa risiva yako MC alikuwa hewani muda wote. Na kuzilaza pua kwa pua ndipo zinapozaana vizuri zaidi. Maiki isiyotumika izimwe kabisa, na zikiwa zinatumika zote watu waachane hatua mbili tatu.

#22 Mpenda Supu

Yaani maiki zinagombana kwa hesabu ya kutoa? Hii nchi ina mambo.

#23 Mama Alto

Mimi nimemwelewa. Watoto wawili wakipuliza filimbi kwa nguvu noti mbili zilizokaribiana, sikioni unasikia ya tatu inanguruma chini na hakuna anayeipuliza. Shuleni tulikuwa tunafanya makusudi kumchanganya mwalimu.

#24 Redio Mbao

Dada umenipokonya mfano. Ndiyo hivyohivyo.

Dawa: zako hazibadiliki, ya MC inabadilika. Ahamie 617.3. Nimeipigia hesabu na zako zote, hakuna mtoto anayeangukia juu ya mzazi. Akishabadilisha kwenye risiva asisahau kuhamishia kwenye maiki: anabonyeza kitufe cha kuoanisha, anaelekeza kidirisha cha maiki kwenye kile cha risiva, karibu, hadi skrini zisome namba moja. Wengi wanabadilisha risiva tu kisha wanashangaa maiki imekuwa bubu.

Lakini mkifika Mafinga msiamini hesabu peke yake. 614 hadi 622 ni chaneli ya 39 ya televisheni. Chaneli za UHF kila moja ina upana wa MHz 8, ya 21 inaanzia 470, hesabu mwenyewe utafika. Tangu analojia izimwe, Dar wakianza tarehe 31 Desemba 2012 na Mbeya ikafuata 2013, matangazo ya dijitali yanajaza upana wote wa MHz 8, hayaachi kichochoro cha kujibanza. Na mji mmoja chaneli inaweza kuwa tupu, mji mwingine ina kituo. Kwa hiyo ukifika, washa risiva, maiki zote zikiwa zimezimwa. Taa ya RF ikiwaka hujagusa maiki, kuna mwenye nyumba.

Nyongeza kwa wanaonunua mitumba ya nje: Marekani walipiga marufuku maiki za masafa ya 700 mwaka 2010, na 2020 wakaongeza sehemu kubwa ya 600. Zile bado ni nzima, ila kwao hazina kazi, zinauzwa bei ya kutupa. Hapa kwetu 700 na 800 ziko mikononi mwa mitandao ya simu, na mpangaji wa masafa ni TCRA. Ukileta maiki ya 750 unaenda kukaa kwenye kiti cha mtu. Soma namba kabla hujalipa.

#25 Mkinga Halisi

Hii ya mwisho naiprinti naibandika dukani. Kuna jamaa aliniletea boksi zima nikashangaa huruma imetoka wapi.

#26 mwana_uyole (Jumatano jioni)

Mrejesho. Leo nimeazima maiki na risiva ya MC, tumefunga vyombo uani.

Jaribio la kwanza. A peke yake imewashwa, mdogo wangu anatembea na "moja mbili, moja mbili", safi hadi barabarani. Nikawasha B, safi. Nikawasha ya MC ikiwa 616, nikazilaza B na ya MC mezani kama siku ile, A mkononi juu yake. Pwaa. Hapohapo. Na mzee wa Kihesa, safari hii niliangalia taa: RF ya A imejaa yote, haikuyumba hata kidogo. Nikazima ya MC, kishindo kikaisha. Nikawasha, kikarudi. Tumerudia mara sita hadi mtoto wa jirani akawa anahesabu "moja mbili" pamoja nasi akiwa juu ya ukuta. Tulipozitawanya, ya MC ikaenda jikoni, vishindo vikapungua lakini havikuisha.

Jaribio la pili, nikazima zote nikabaki na A, risiva nikaiweka chini, antena nikazilaza, nikaomba vijana wa bodaboda saba wasimame katikati. Hapo hakuna kishindo, inakatika tu kimyakimya, na taa ya RF inazimika. Nikaipandisha risiva juu ya ngazi na kusimamisha antena, vijana walewale, ikarudi.

Kwa hiyo nilikuwa na magonjwa yote mawili kwa mpigo. Na Sh 7,000 ya soda za bodaboda.

#27 Fundi wa Kihesa

Umefanya kazi ya kiume. Sasa kaa nikufundishe kupanga sauti, maana Mafinga una baba mzazi, una bibi harusi anayenong'ona, na una MC anayefoka.

Anza feda ya chaneli kwenye miksa, kile kitelezi cha kupandisha sauti, ikiwa chini kabisa. Washa risiva, kisha maiki, kisha ndiyo upandishe. Wakati wa kuzima geuza: shusha feda, zima maiki. Ukizima maiki feda ikiwa juu kuna risiva zinakupigia "kshhhh" ukumbi mzima unaziba masikio. Hiyo ya kshhh ndiyo kazi ya skwelchi, kiskurubu kidogo nyuma ya risiva: maiki ikiwa imezimwa, kizungushe hadi makelele yanyamaze, ongeza kidogo tu uache. Ukikikaza sana umejipunguzia umbali.

Kama kuna kitufe cha 48V kwenye miksa, ule umeme wa kulisha baadhi ya maiki za waya, zima kwenye chaneli hizo, risiva haikihitaji. Angalia pia risiva inatoa sauti kwa kiwango gani. Wengi wanaichomeka kwenye tundu la maiki wakati inatoa nguvu ya laini, yaani sauti kubwa kuliko ya maiki, inakwaruza, wanalaumu spika. Shusha volyumu ya risiva au tumia tundu la laini.

Geini, kile kirungu cha kukuza sauti inayoingia kwenye chaneli, weka kwa kumsikiliza mtu mwenyewe. "Moja mbili" ya mdogo wako haifanani na kelele ya MC akiita vigelegele. Mwombe apige kelele yake halisi mara moja, taa nyekundu iguse kidogo isikae. Kwa bibi harusi usikimbilie geini, msogezee maiki mdomoni. Na eko punguza. Nasaha za mzee si wimbo wa kuabudu, mnatufanya tusikie "mwanangu-ngu-ngu".

Halafu utembee. Maiki mkononi, ukiongea, kutoka meza kuu hadi mlango wa kuingilia maharusi hadi jikoni, mdogo wako akitazama taa. Utembee watu wakiwa wameanza kuingia na skrini ya LED imewashwa, siyo saa nne asubuhi.

#28 mwana_uyole

Mzee, betri niweke zipi? Mdogo wangu anataka za kuchaji.

#29 Mkinga Halisi

Alkalaini mpya kila shughuli, hutajuta. Zile za karatasi za kuweka kwenye tochi achana nazo, zinaisha upesi.

#30 Redio Mbao

Anasema hivyo kwa sababu anaziuza. Za kuchaji aina ya NiMH ni nzuri na mimi ndizo natumia, ila zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo kipimo cha maiki kinaweza kukuonyesha nusu wakati zimejaa. Usitishike. Zinazonitisha ni za lithiamu za AA zenye tundu la USB. Zina saketi ndani inayoshikilia 1.5 hadi dakika ya mwisho, kipimo kinasoma "imejaa", kisha zinakata kama umeme wa usiku. Na baadhi saketi hiyo inaleta mlio kwenye sauti.

#31 Baridi ya Makete

Nikazie la baridi. Huku mwezi wa sita na wa saba tunaamka na sakitu kwenye nyasi. Alkalaini zikilala kwenye gari, asubuhi ni kama zimezeeka. Ziweke mfukoni mwa koti, karibu na mwili. Na maiki ikitoka nje baridi kuingia ukumbini kwenye joto, iache robo saa, inatoka jasho kwenye wavu.

#32 Mpenda Supu

Mnaona? Page nzima mnaongelea betri.

#33 mwana_uyole (Jumapili, saa sita mchana)

Wakuu nimerudi Uyole, nimelala, nimeamka, naandika.

Tumefika Mafinga saa tano. Risiva juu ya stendi, kibao nimefunga kwa mpira wa bodaboda, antena V. Maiki zote zimezimwa, taa za RF giza tupu. Nikashukuru. Saa tisa jamaa wa skrini ya LED wakawasha yao, nikatupa jicho: taa ya kwanza ya RF ya A ikawaka yenyewe, maiki iko kwenye sanduku! Ilibidi nihamishe stendi upande wa pili wa jukwaa, kama mita nane, ikazima. Waya wa XLR nilioazima ukafika kwa kubembeleza.

MC alifika, hakutaka kusikia habari za 617.3, akasema maiki yake haijawahi kugombana na mtu. Nikamwekea zote tatu mezani nikamwonyesha pwaa. Akabadilisha mwenyewe, akasahau kuhamishia kwenye maiki, ikawa bubu, nikamwelekeza kidirisha. Tangu hapo ananiita fundi.

Baba mzazi kaongea dakika kumi na nane. Jina la mkwe kalitaja mara tano, nilikuwa nahesabu. Kamati imelipa yote na mwenyekiti kachukua namba yangu.

Tatizo lilikuwa moja. Saa tano usiku maiki B ilizima katikati ya shukrani za mjomba. RF imezimika, nikakimbia kuangalia stendi, antena, skrini, kila kitu sawa. Kumbe mdogo wangu alitia betri zilezile za sendofu ya Iyunga.

#34 Mpenda Supu

Nilisema tangu #2. Uzi ufungwe.